Inauzwa, Sikio la Kushoto Linasumbua

Naanza na ubovu, kwa sababu ndiko tutakakofikia hata nikianza na sifa. Tundu la hedifoni la iPod yangu, mashine ya kupigia muziki ya Apple, limelegea. Ukichomeka waya, sikio la kulia linaimba kama siku zote. La kushoto linaimba likijisikia. Ukiizungusha pini taratibu, robo mzunguko hivi kuelekea kwenye swichi ya kufungia vitufe, sauti inarudi, na ikirudi inakaa ilimradi na wewe umekaa. Ukisimama inakata. Ukipanda ngazi inakata na kurudi kila hatua. Ofisini kwetu Posta, Dar es Salaam, mpaka ghorofa ya pili, nimeshahesabu ngazi thelathini na nne kwa sikio.

Hiyo ndiyo kasoro ninayoijua. Tangazo langu la kwanza sikuliandika hivi. Niliandika "ina kasoro ndogo", nikaweka picha nne nilizopiga dirishani asubuhi, bei laki mbili, nikakaa kusubiri wateja. Kilichotokea nitakisimulia. Kwanza niseme kuhusu mashine yenyewe, maana nimeishi nayo tangu Desemba 2012, na kwa wiki tatu hizi nimeieleza kwa watu wengi hadi naweza kuieleza nikiwa usingizini.

Ni iPod Classic, nyeusi, GB 160, ile nyembamba iliyotoka Septemba 2009. Shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alikuja nayo likizo ikiwa kwenye boksi lake, akaniambia, "Shemeji, hii hata ukiishi miaka mia huijazi." Alisema kweli. Kampuni ilitangaza kwamba inabeba nyimbo 40,000. Zangu, ukichanganya na mawaidha ya mama na kaswida za watoto, hazijawahi kupita 9,000. Uzito wake ni gramu 140, na ni uzito unaoushika mkononi ukajua umeshika kitu. Mbele ni alumini, nyuma ni chuma cha pua kinachong'aa. Mgongo huo ulikuwa kioo cha kujitazamia kwa siku mbili. Siku ya tatu niliuweka mfukoni pamoja na funguo, na tangu hapo unafanana na sufuria ya mama ntilie iliyosuguliwa kwa mchanga.

Wenye umri mdogo huenda hawajui tunazungumzia nini, kwa hiyo nipite haraka. iPod ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001 ikiwa na GB 5. Jina la Classic likaja 2007. Hii niliyokuwa nayo iliondolewa sokoni Septemba 2014, na Mei 2022 Apple wakatangaza kwamba hawatengenezi tena iPod ya aina yoyote. Kwa hiyo Classic utakayoikuta leo ni mtumba, na akija mtu kukuambia ni mpya kabisa, muulize ilikuwa imelala wapi miaka yote hiyo na betri yake inasemaje.

Kinachonifanya niisifu ni gurudumu. Kwenye daladala la Tabata jioni, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umo mfukoni, kidole gumba kinabonyeza upande wa kulia wa gurudumu, wimbo unaruka. Sijaangalia kitu, sijatoa kitu. Simu ya kioo haiwezi hilo, na simu ukiitoa dirishani Buguruni saa moja jioni ujue umeshaiaga. Ukitaka kutafuta msanii kati ya mamia, unakizungusha kidole, orodha inakimbia, herufi kubwa inatokea katikati ya kioo ikikuonyesha umefika wapi, K, L, M, na kuna mlio mdogo wa tiki-tiki-tiki unaotoka kwenye mashine yenyewe. Mwanangu wa mwisho alipokuwa na miaka mitatu alikuwa anaomba "ile inayotekenywa."

Ndani yake mna diski inayozunguka kweli, ya inchi 1.8, mfano wa ile ya kompyuta ila ndogo. Iweke sikioni usiku kukiwa kimya, uchague wimbo: utasikia kitu kinaamka, kama mende anatembea juu ya gazeti, sekunde chache, kisha kimya. Inachota nyimbo kwa mkupuo, inaziweka kwenye kumbukumbu, diski inalala na muziki unaendelea. Ndiyo maana betri inadumu. Kampuni ilitaja saa 36 ikiwa mpya. Yangu niliipima kabla ya kuitangaza: niliiwasha Ijumaa saa mbili usiku baada ya isha, nikaiacha inaimba juu ya kabati, ikazimika Jumamosi saa tisa alasiri nikiwa naanika nguo. Saa kumi na tisa. Kwa betri ya umri huo sina neno.

Sasa yale ambayo haina, maana ndiyo yaliyoniletea maswali mengi. Haina laini. Haina Bluetooth. Haina redio. Haina mahali pa kuweka kadi. Na nyimbo huziingizi kwa kuburuta faili kama kwenye flashi. Lazima upitie programu maalumu kwenye kompyuta, kama iTunes, nayo inaziingiza kwa utaratibu wake. Ukijaribu kuzifuata kwa mlango wa nyuma utakuta mafolda yamefichwa, na ndani yake kila wimbo umepewa jina la herufi nne zisizo na maana. Mpwa wangu alijaribu siku moja kunakili taarabu za shangazi yake akaishia na mafaili mia sita yenye majina kama ya pasipoti. Hilo ndilo ninaloikatia nyota moja kati ya tano. Sikuikatia kwa sababu ya tundu. Tundu nimelivunja mwenyewe.

Nimelivunja lini sijui, na hapo ndipo panaponichekesha. Sehemu kubwa ya muziki wangu ni dansi la miaka ya 70 na 80, ambalo marehemu baba alilirekodi kutoka redioni kwenye kaseti, na mimi nikazihamishia kaseti zile kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kwa muda wa mwaka na ushei. Zote ni mono. Sauti ya kulia ndiyo hiyo hiyo ya kushoto, hakuna cha gitaa kukaa huku na tarumbeta kule. Isitoshe, kwenye daladala navaa sikio moja tu, la kulia. La kushoto naliacha wazi, kwa ajili ya konda anayeita "Relini! Bima!", na kwa ajili ya yeyote anayejaribu kufungua zipu ya begi langu. Mtu anayesikiliza mono kwa sikio moja anaweza kuwa na mashine nusu mfu kwa miaka na asijue.

Aliyeligundua ni binti yangu. Aliniwekea wimbo wake mmoja wa siku hizi, Jumapili tumekaa sebuleni, nikavaa hedifoni masikio yote kumridhisha. Nikamwambia wimbo ni mzuri ila mtayarishaji wenu amesahau kuweka gitaa. Akanitazama. "Baba, gitaa ndilo linaloongoza." Akanivua hedifoni, akasikiliza, akaushika waya akauzungusha kidogo, akanirudishia. Gitaa hilo. Nikauachia waya, gitaa likaondoka.

Mafundi wawili waliishika. Wa kwanza simtaji wala mtaa wake sitaji. Ni kijana wa simu Kariakoo, mchangamfu, ana wateja foleni. Aliigeuza mara mbili akasema, "Bro, nusu saa tu." Kosa langu ni kukubali. Simu nyingi zinafunguka kwa joto na kipande cha plastiki. Hii inashikana chuma kwa chuma, vibanio vya ndani vimezunguka pande zote, hakuna hata skrubu moja ya nje. Alipoona plastiki haipiti akachukua bisibisi bapa, akaitia pembeni, akakandamiza. Nilisikia chuma kikilia. "Dogo, acha." Akaacha. Pembe ya chini kulia ikawa imeingia ndani, bonde la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. "Samahani bro, hizi za zamani walikuwa wanazifunga kama jeneza." Hakunidai, nami sikumdai, ila bonde lipo, na baadaye mteja mmoja alilikatia shilingi elfu ishirini kama utakavyoona.

Wa pili ni mzee wa redio, Ilala, kibanda cha mabati. Nilielekezwa na mtu wa ofisini. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Lete." Mezani ana kopo la Blue Band lililojaa skrubu, mikanda ya kaseti imening'inia msumarini, na spika mbili ndogo zisizo na maboksi, zimelala kifudifudi juu ya kitambaa. Hakuuliza inaitwaje. Alimulika tundu kwa tochi ya simu, akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akakiviringishia pamba nyembamba, akachovya kwenye spiriti, akaingiza, akazungusha, akatoa. Kikatoka kifurushi cha nyuzi za mfukoni, cheusi, kama punje ya ulezi. Nikafurahi nikidhani tumemaliza. Akachomeka waya wake wa majaribio kwenye zile spika, akaniambia chagua wimbo. Spika ya kulia ikaimba. Ya kushoto kimya. Akaigusa pini kwa ncha ya kidole, ikakohoa, akauondoa mkono, kimya.

Hakusema kitu. Aliinama chini ya meza akavuta boksi la waya, akachambua kama anayechambua mchele, akaja na waya wenye kichwa kipana bapa, ule wa kuchomeka chini ya iPod. Waya huo ulikuwa na mikia miwili, mmoja wa sauti na mwingine wa USB. Akauchomeka. Spika zote mbili zikaimba. Si kuimba tu, zikaimba vizuri kuliko nilivyozoea, besi imekaa, sauti safi. Nikauliza imekuwaje. Akaniambia sauti inayotokea chini haipiti kwenye tundu la juu hata kidogo. Ina njia yake. Hata ukizungusha gurudumu kupandisha au kushusha haisikii, inatoka kwa kiwango kimoja, unapandisha kwenye amplifaya.

"Kwa hiyo mzee, tundu linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Ila tundu na hii swichi vimekaa kwenye fleksi moja, yaani utepe laini wa nyaya, na fleksi imeshikwa na mgongo. Betri nayo imegundishwa mgongoni, ina utepe mwembamba hivi unaokwenda kwenye bodi. Ukiachanisha kwa pupa unakata utepe, au unang'oa kile kilimi kinachoushika. Nikiifungua nitaifungua. Kuifunga ikawa kama ilivyokuja, sikuahidi." Akalitazama bonde. "Na naona kuna mtu ameshaanza."

Nikamwambia nina mpango wa kuiuza. "Basi iuze hivyo hivyo, na umwambie mtu. Mwenye amplifaya hatajali." Kusafisha alinitoza 5,000, waya akaniuzia 10,000. Kama kuna huduma ya kuipa nyota tano katika habari hii yote ni ile ya mzee, aliyekataa kazi mbele yangu.

Kabla sijaandika tangazo jipya, mpwa wangu alinionyesha jambo ambalo kila anayenunua Classic anapaswa kulijua. Unabonyeza Menu pamoja na kitufe cha katikati mpaka alama ya tufaha itokee, kisha papo hapo unashika katikati pamoja na upande wa kushoto wa gurudumu. Inakuja menyu ya mafundi, maandishi matupu yasiyo na urembo. Ukipita kwenye majaribio ya diski unakuta ukurasa wenye namba. Mbili ndizo za kutazama: Reallocs, yaani vipande vya diski vilivyoharibika vikabadilishwa, na Pending Sectors, yaani vinavyosubiri zamu yao. Yangu ilisoma 8 na 0. Kwa mashine ya umri huu hiyo ni afya ya kutosha. Ukikuta mamia, muziki wako umekaa juu ya bati lililooza. Nilipiga picha ukurasa huo nikauweka kwenye tangazo, na nakuambia, muuzaji akikataa kukutumia picha ya ukurasa huo usijisumbue kuuliza bei.

Sasa habari ya tangazo la kwanza. Neno "kasoro ndogo" sitaliandika tena maishani. Siku ya kwanza nilipata ujumbe kumi na saba. Sita ulikuwa "bei ya mwisho?", bila salamu. Wanne waliuliza kama inashika laini. Mmoja aliuliza inaingia WhatsApp, nilipomjibu haiingii akaniuliza, "Sasa wewe ulikuwa unaifanyia nini?" Na mmoja, ambaye ningependa kumwona kwa macho, aliandika hivi: "Kaka, kasoro ndogo ndiyo ipi? Maana mimi niliwahi kuuziwa pikipiki yenye kasoro ndogo, nikaja kukuta ndogo ilikuwa pikipiki, kubwa ni kasoro."

Nililifuta. Nikaandika jingine, nikaanza na tundu, neno kwa neno kama nilivyoanza hapa. Nikataja bonde na aliyelisababisha, bila jina. Nikaeleza habari ya waya wa chini. Bei nikaiteremsha hadi 150,000 pamoja na waya. Na nikarekodi video ya dakika moja: niliviweka visikizi viwili ndani ya vikombe viwili vya chai ili sauti itoke, kimoja kulia kimoja kushoto, nikaichezesha pini, ili mtu aone kikombe cha kushoto kinavyonyamaza na kuamka. Ujumbe ukapungua kutoka kumi na saba kwa siku hadi watatu kwa wiki. Lakini hao watatu waliuliza maswali ya mtu mwenye hela.

Wa kwanza alikuwa kijana anayezikusanya. Anazifungua, anang'oa diski, anaweka kifaa cha kupokea kadi za kumbukumbu, betri mpya, fleksi mpya, anaziuza tena. Alinipa elfu sabini, "kwa ajili ya mwili tu, braza." Nilimpenda kwa kuwa aliijua kazi. Lakini fikiria: tundu kwake si kitu, ataling'oa vyovyote vile, na diski yangu nzima nayo kwake ni takataka. Bado alinitoza tundu. Nikamwambia hapana, akaniambia nikichoka nimtafute.

Wa pili tulikutana mgahawani, Posta. Mtu wa makamo, shati la kitenge, mstaarabu. Alivaa hedifoni zake mwenyewe, za bei, akaanza kutembea kati ya meza. Kila sikio la kushoto lilipokata alisimama na kunigeukia kana kwamba nimelikata mimi kwa rimoti. Akaketi akatoa kalamu. Sikio, tutoe elfu ishirini. Nikasema sawa, ingawa bei ilikuwa imeshalihesabu. Bonde, elfu ishirini. Mikwaruzo, elfu kumi. Tukawa kwenye laki moja. Akanywa chai, akafunga kalamu, akasema, "Haya, na ile kasoro ya kwenye tangazo je?"

"Kasoro ndiyo hilo sikio, kaka. Tumeshalitoa."

"Hilo nimelisikia mwenyewe. Nauliza ile uliyoiandika."

Nililipa chai yangu nikaondoka. Baadaye kwenye daladala ndipo nilipomwelewa: kwake yeye, mtu anayetaja ubovu mmoja kwa hiari lazima ameficha wa pili. Labda maisha yamemfundisha hivyo, siwezi kumlaumu, ila sikuwa na ubovu wa pili wa kumpa.

Wa tatu ni kinyozi, si mbali na kwangu. Saluni ya viti vitatu, kioo kirefu, amplifaya juu ya rafu na spika mbili za mbao zinazofika kifuani. Alikuwa anapigia muziki kwenye simu, na shida yake ilikuwa moja: simu inaita katikati ya wimbo. "Mteja yuko chini ya wembe, mara spika zinapiga kelele ya simu, mkono unashtuka. Juzi ujumbe wa sauti umejifungua wenyewe, saluni nzima ikasikia nadaiwa hela ya kikoba." Alitaka kitu kinachoimba basi, kisichopigiwa, kisichotumiwa kitu. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa yake yote. Nilimwonyesha tundu kwa hedifoni, nikamlazimisha avae, nikaichezesha pini. Akavua. "Kaka, mimi masikio yangu hayahusiki hapa." Nikachomeka waya wa chini kwenye amplifaya yake, muziki ukaimba, mkia wa pili ukaingia kwenye chaji, kwa hiyo inaimba na kujaza betri kwa wakati mmoja. Tulikubaliana 120,000. Aliniomba nisifute nyimbo za dansi. Ninazo nakala kwenye kompyuta. Nikafuta mawaidha ya mama na kaswida, nikamwachia dansi lote la baba.

Elfu arobaini nilizipitishia dukani siku hiyo hiyo, viatu vya shule.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, simu. "Kaka, habari za kazi? Samahani. Lile sikio la kushoto limehamia kwenye spika."

Nilijua haiwezekani. Mzee wa Ilala alinionyesha kwa spika zake mwenyewe. Hata hivyo tumbo lilinicheza, na siku nzima ofisini nilikuwa napiga hesabu ya zile elfu arobaini zingetoka wapi. Ukishakiri upande wa kushoto, kila cha kushoto kinakuwa chako. Angeamka na jicho la kushoto jekundu angenipigia. Jioni nilishuka Bima nikaenda moja kwa moja na begi langu. Saluni ilikuwa imejaa. Spika ya kulia ilikuwa inaimba kwa nguvu, ya kushoto imekaa tu pembeni, juu yake pamewekwa kopo la poda na taulo.

Nilizichomoa pini mbili za nyuma ya amplifaya nikazibadilisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Kama ubovu ungekuwa wa iPod, ungehama. Haukuhama. Spika ile ile ya kushoto kimya. Kinyozi akasogea na mashine yake ya kunyolea mkononi, akamwacha mteja nusu ya kichwa. Nikamwomba tochi. Nikaisogeza spika kutoka ukutani, na nyuma yake nywele: nywele za miaka, zimejikusanya kama kiota, na ndani ya kiota hicho waya mmoja umechomoka kwenye kibanio chake, umekaa peke yake, ncha yake ya shaba imeshapiga weusi. Niliikwangua kwa kisu cha funguo, nikaurudisha, nikabana.

Spika ikatoa mlio wa kukwaruza, ikatema vumbi mbele, kisha ikaanza kuimba. Kinyozi akanitazama, akaitazama iPod juu ya rafu, akafungua mdomo. Kabla hajasema kitu, mteja mwenye nusu ya kichwa, ambaye kumbe ananyolewa pale kila wiki mbili tangu saluni ifunguliwe, akaigeukia ile spika akasema, "Ah! Kumbe na hii huwa inaimba?"